Mimba ya miezi sita na kisima kimezidi chumvi, nishaurini

Umm_Kizingitini
Asalaam aleikum nyote. Niko Kizingitini, kisiwa cha Pate, mimba yangu ina miezi sita. Tangu kaskazi ishike, kisima chetu kimekolea chumvi hadi sabuni haitoi povu, na chai hata uitie sukari vipi, chumvi utaisikia. Kliniki wamenipima wakasema presha imepanda kidogo, nipunguze chumvi. Ya chakula nimepunguza. Je, hii ya maji? Mama mkwe asema niyachemshe tu. Jirani ana jabia, yaani tangi la kuhifadhia maji ya mvua, lenye maji ya vuli, lakini nimechungulia nikaona viluwiluwi vya mbu. Ninywe yapi?

Bin_Faza
Wa aleikum salaam dada. Mama mkwe ana nia njema, ila kuchemsha huua vijidudu, chumvi hakuitoi. Maji yakipungua sufuriani, chumvi yote imebaki mle mle, kwa hiyo yanakolea zaidi. Klorini nayo vivyo hivyo, haigusi chumvi.

Nesi_Mstaafu
Mwanangu, umeuliza la maana sana, na wengi kliniki hatuwaulizi mama wajawazito wanakunywa maji gani. Pwani ya Bangladesh wana shida hii hii, bahari inaingia kwenye visima na mito. Watafiti walipima maji na mkojo wa wajawazito wa Dacope, huko huko pwani, wakachapisha mwaka 2011: kiangazi wanawake wale walikuwa wakipata chumvi kupita kiasi kwa maji peke yake, na presha ya mimba ilionekana zaidi kiangazi kuliko wakati wa mvua. Mwaka 2014 wakalinganisha wajawazito waliopata presha au kifafa cha mimba na wenzao wazima. Waliokunywa maji yenye chumvi zaidi walikuwa hatarini zaidi, na wanywaji wa maji ya mvua walikuwa na nafuu.

Piga hesabu mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikie gramu 5 za chumvi kwa siku. Maji yakiwa na gramu 1 kwa lita, ukanywa lita tatu, gramu 3 zimeshaingia kabla hujaonja wali.

Nisikufiche, kuna utafiti mwingine wa 2019, pwani hiyo hiyo, uliokuta maji yenye chumvi kidogo tu hayapandishi presha, kwa sababu huja na madini ya kalsiamu na magnesiamu ambayo huituliza. Lakini wewe presha imeshapanda na chumvi ya kisima chako si kidogo. Shika maji ya mvua ya kunywa na kupikia. Kwa kuwa hayo hayana madini, kula dagaa na mifupa yake, kunywa maziwa, na uliza kliniki kuhusu vidonge vya kalsiamu. Usijinunulie dukani.

Kichwa kikiuma bila kutulia, macho yakaona ukungu, maumivu chini ya mbavu, uso na mikono ikavimba: tafuteni boti saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

Fundi_Siyu
Kuhusu kisima: visiwani kwetu maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari ndani ya ardhi, kama mafuta juu ya mchuzi. Wataalamu wa maji wana kanuni yao, kwamba maji matamu yakishuka mita 1 kwa juu, chumvi hupanda karibu mita 40 kutoka chini. Mwenye pampu akivuta kutwa, anamharibia na jirani. Choteni kwa ndoo, mkipumzisha kisima.

Maji ya jabia chuja kwa kitambaa safi ulichokikunja mara kadhaa, kisha hayo ndiyo ya kuchemsha. Mdomo wa jabia ufungwe kwa neti, na tundu la kumwagia maji yakizidi pia, watu wengi hulisahau hilo.

Mwana_wa_Langoni
Neti hiyo msiichelewe jamani. Sisi wa Lamu tunaikumbuka 2004. Ukame, maji yamekaa majumbani bila kubadilishwa, chikungunya, homa ya mbu inayoumiza viungo, ikaingia. Uchunguzi wa damu ulikadiria watu 3 kati ya 4 kisiwani waliambukizwa. Nyanya yangu alishindwa kukunja vidole vya kushikia kata. Watafiti waliochapisha 2007 waliuhusisha mlipuko ule na ukame wa pwani nzima. Ugonjwa ukavuka hadi visiwa vya Comoro na Réunion, na huko Réunion watoto waliozaliwa mama akiwa na homa hiyo waliugua vibaya. Mbu wake huuma mchana, dada, basi neti ya kitanda peke yake haitakutosha.

Umm_Kizingitini
Mungu awalipe. Jirani amekubali mtungi mmoja kwa siku, na mume wangu leo anafunga neti kwenye jabia. Kufua na kuoga nitumie kisima?

Fundi_Siyu
Tumia, hakina neno. Na udhu pia.

Nesi_Mstaafu
Ila usingoje tarehe ya kliniki ijayo. Nenda wiki hii ukapimwe tena, uniandikie namba zote mbili, ya juu na ya chini. Ikifika 140 kwa 90, usiondoke hapo kabla hujaonwa na daktari, na waombe wapime mkojo pia.