Ushauri: Mhusika mbaya wa riwaya yangu nimpe ugonjwa gani wa akili?

KalamuYaKusini

Wakuu, heshima kwenu. Naandika riwaya, nimefika sura ya mwisho na hapo nimekwama. Naomba wenye ujuzi wa afya ya akili, sheria na uandishi mnishike mkono.

Mhusika wangu mbaya anaitwa Zuberi Kitunda, miaka 54, anaishi katika mji mdogo wa kubuni niliouweka mkoa wa Lindi. Zamani alikuwa karani, kwa hiyo anajua kila hati na kila mpaka wa shamba. Kabla ya msimu wa korosho, watu wakiwa hawana kitu, anawakopesha wajane na kuwawekesha dole gumba kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma. Mwaka unaofuata shamba linakuwa lake. Mjane mmoja, Bi Somoe, anagoma kutoka. Zuberi anachoma nyumba yake usiku. Jioni hiyo kwanza anakwenda msibani kijiji cha pili, anakaa mkekani na wazee, anatoa rambirambi na kuhakikisha jina lake limeandikwa kwenye daftari. Bi Somoe anakufa. Zuberi ndiye anayenunua sanda, na makaburini analia mpaka watu wanamshika.

Msomaji wangu wa kwanza, mtu ninayemheshimu sana, ameniambia huyu bwana haeleweki, mwenye akili timamu hawezi kufanya hivyo, kwa hiyo mwishoni aje daktari aseme anaumwa nini. Nimesomasoma nikakutana na skizofrenia, ugonjwa wa nafsi mbili na usaikopathi, ile hali ya mtu kukosa huruma na majuto. Utotoni nimemwandika mtoto mtulivu, kiranja wa madrasa, baba yake mkali lakini si wa kupitiliza.

Swali langu: daktari akimpima Zuberi atasema ana nini? Naomba kuwasilisha.

Mwanakwetu_Mtwara

Mkuu, mpe skizofrenia. Mchana mtu mwema, usiku anasikia sauti zinamwambia choma. Msomaji ataelewa mara moja na mwisho utatisha.

MuuguziDodoma

Ndugu mwandishi, mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Nitakujibu kana kwamba Zuberi ameletwa kliniki na nina kadi yake mkononi.

Skizofrenia kwa kawaida huanza mtu akiwa kijana. Nyumbani wanaanza kuona amejitenga, ameacha kuoga, usiku anazunguka, maneno yake hayashikani, anaamini redio inamsema yeye. Na zile sauti, wengi ninaowahudumia zinawasimanga wao wenyewe, kutwa kucha, mpaka wanaziba masikio. Dalili lazima zidumu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, unataka angalau mwezi mmoja, na ule wa Marekani unataka mtu awe ameonyesha dalili za kuugua kwa miezi sita. Zuberi analala vizuri, anavaa kanzu iliyopigwa pasi, anakumbuka deni la kila mtu hadi shilingi ya mwisho. Hata ndugu zake wakiniambia ameanza kusikia sauti kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 54, siandiki skizofrenia haraka. Kwanza ataulizwa pombe, atapimwa sukari, kaswende na VVU, na daktari ataangalia kama kuna tatizo lolote kwenye ubongo.

Nafsi mbili, yaani mtu mmoja kuwa kama watu tofauti kwa zamu, ni ugonjwa mwingine kabisa, watu wanauchanganya na skizofrenia kila siku. Ni nadra, na mara nyingi nyuma yake kuna mtoto aliyeumizwa vibaya sana. Zuberi anajua vizuri alichofanya usiku anapolia mchana.

Usaikopathi haumo kwenye miongozo hiyo miwili kama ugonjwa wenye jina lake. Hervey Cleckley, daktari wa Marekani, aliuandika kwa kirefu mwaka 1941, na baadaye Robert Hare wa Kanada akatengeneza kipimo chenye vipengele 20, kila kimoja alama 0 hadi 2, jumla 40. Mpimaji lazima awe amefunzwa, akae na mhusika amhoji, kisha asome jalada lake. Kilichomo kwenye mwongozo wa Marekani ni tatizo la haiba la mtu anayekanyaga haki za wengine bila kujali. Sharti lake awe ametimiza miaka 18, na tabia mbaya iwe ilionekana kabla ya miaka 15, mambo ya kutesa wanyama, kuiba, kupiga wenzake, kutoroka nyumbani. Wewe umetuandikia kiranja wa madrasa.

Hata moto wenyewe haukusaidii. Upo ugonjwa wa kuvutwa na moto, piromania, lakini anayechoma ili apate mali au afiche ushahidi hahesabiwi humo.

Basi kwenye kadi ya Zuberi ningeandika kwamba hakuna ugonjwa wa akili ulioonekana. Nimeshaona watu walioletwa na polisi wakaandikiwa hivyo, na ndugu zao waliumia kuliko ambavyo wangeumia kuambiwa ni mgonjwa. Walikuja wakitumaini jina la ugonjwa, wakarudi nyumbani na mtu wao yuleyule.

MpigaKasia

Daah, hapo mwisho pamenigusa. Asante sana dada muuguzi.

Mama_Rayyan

Assalam aleikum. Kaka mwandishi, mimi sina utaalamu, nina mdogo wangu anayeumwa skizofrenia, na jibu la huyo ndugu wa Mtwara limenichoma.

Mdogo wangu alianza akiwa chuoni. Sasa anapata sindano kila mwezi na vidonge. Vidonge vilimfanya mikono itetemeke, shingo ikakaza, mpaka walipomwongezea Artane, dawa ya kupunguza madhara hayo. Akishika kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili, na bado chai inamwagika kwenye kisahani, halafu anafuta meza kwa mkono wa shati kabla mtu hajaona. Huyo ndiye mnayetaka awashe kiberiti, afunge mlango wa mjane kwa nje na arudi msibani kunywa kahawa na wazee.

Yeye hajampiga mtu. Yeye ndiye anayepigwa. Ameshaporwa simu, ameshamwagiwa maji, na vijana wa mtaani walishamfungia chooni. Kila ikitoka tamthilia yenye muuaji ambaye mwishoni anaambiwa ni chizi, jirani anavuta watoto wake ndani mdogo wangu akipita. Mimi nayaona kwa macho yangu. Andika ubaya wa Zuberi wote, usipunguze, lakini usiuchukue ugonjwa wa mdogo wangu ukauweka pale ulipokosa sababu.

MuuguziDodoma

Dada Mama_Rayyan, pole sana na hongera kwa kumtunza. Unachosema ndicho tunachokiona kazini. Kwa wengi wenye magonjwa makubwa ya akili, uwezekano wa kudhuriwa ni mkubwa kuliko wa kudhuru. Hatari huwa inaongezeka pale dawa zinapokatika au pombe na bangi zinapoingia, na hata hapo anayeumia mara nyingi ni mtu wa ndani ya nyumba, kwenye vurugu isiyo na mpango. Kupanga wiki nzima na kujitengenezea mashahidi ni jambo lingine.

Wakili_wa_Moro

Niingie upande wa sheria, kwa sababu hiyo sura ya mwisho ikibaki ilivyo itabomoa kesi yako yote.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 12, inamchukulia kila mtu kuwa na akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 13 ndicho kinachotoa kinga, na hakiulizi tu kama mtu anaumwa. Kinauliza kama wakati wa kutenda, kwa sababu ya ugonjwa wa akili, alishindwa kuelewa anachofanya, au kujua kwamba hakipaswi kufanywa, au kujizuia. Mzizi wake uko London mwaka 1843. Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel, akiamini serikali inamwandama. Alionekana hana hatia kwa sababu ya wazimu, watu wakaghadhibika, na majaji wakatakiwa waeleze kanuni ni ipi. Makoloni ya Uingereza yakairithi, kila moja na marekebisho yake.

Sasa mchukue Zuberi. Amekwenda msibani ili aonekane. Ameandikisha jina. Amengoja usiku. Mwendesha mashtaka akiweka lile daftari la rambirambi mezani, utetezi wa ugonjwa umekwisha, maana mtu anayejificha anajua kuna kitu cha kuficha. Na usidhani akionekana alikuwa mgonjwa ataachiwa arudi nyumbani. Anaweza kukaa chini ya uangalizi pale Isanga, Dodoma, wanakowekwa wagonjwa wa akili waliotenda makosa, kwa muda mrefu sana. Wasomaji wengi hawalijui hili, wanadhani "kichaa" ni tiketi ya kutoka.

MwalimuFasihi

Kijana, mimi nafundisha fasihi na nitakuomba utazame watangulizi wetu walivyolishughulikia jambo hili. Katika Macbeth, tamthilia ya Shakespeare ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1968, mke wa Macbeth, aliyeshirikiana na mumewe kumuua mfalme, anatembea usingizini akijisugua mikono aondoe damu anayoiona yeye peke yake. Daktari ameitwa, amesimama pembeni anaandika anayoyasikia. Jibu lake? Anasema maradhi haya yamepita uwezo wake, huyu mama anamhitaji mtu wa dini zaidi ya tabibu. Shakespeare alimleta daktari jukwaani na akamkatalia kabisa kutaja jina la ugonjwa. Mkono unaosuguliwa tumeuona kwa macho, na tunajua damu ile ni ya nani.

Na Iago, katika Othello, yule aliyemwangamiza bwana wake kwa uongo, mwishoni wanamtaka aeleze kwa nini. Anawaambia wasimuulize chochote, tangu sasa hatanena neno. Hilo linatisha kuliko ripoti ya hospitali yoyote.

Huyo msomaji wako wa kwanza hajakosea kuona pengo. Zuberi kweli haeleweki bado, nami nilivyosoma maelezo yako sijui shamba la Bi Somoe lilikuwa na nini hata alitake kiasi hicho. Lilipakana na la nani? Karani alilipwa nini miaka yote aliyowaandikia wenzake hati za mali? Bi Somoe alimjibu nini siku aliyogoma, na nani alisikia? Andika hayo. Usipoyaandika, daktari utakayemleta atakuwa anakufanyia kazi yako.

Otis_wa_Kayole

Hamjambo nyote. Mimi nitatofautiana kidogo, na nasema hivi nikiwa mtu mwenye bipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, natumia dawa, nafanya kazi na nina familia. Mkisema mgonjwa asiwahi kuwa mhusika mbaya, mnatutoa kwa watu. Mimi naweza kuwa mchoyo. Naweza kudanganya. Nikimfanyia mtu ubaya nikiwa nimetulia kabisa, ubaya huo ni wangu, si wa bipola, na sitaki daktari anivue. Kwa hivyo mwandishi akitaka Zuberi awe mgonjwa, awe. Lakini ugonjwa uonekane mapema, aende kliniki, asahau dawa, azichukie, anenepe nazo. Na ubaya wake uendelee njia yake. Shida yangu ni ile ya kuuleta ugonjwa ukurasa wa mwisho ndio uwe jibu.

MuuguziDodoma

Kaka Otis umesema vizuri. Nami sipingi. Mtu anaweza kuwa na ugonjwa na akawa na roho mbaya, kimoja hakikizuii kingine.

Mwanakwetu_Mtwara

Dada Mama_Rayyan, nimekusoma vizuri. Mwambie mdogo wako namsalimia.

KalamuYaKusini

Wakuu, nimesoma kila jibu zaidi ya mara moja. Daktari namtoa sura ya mwisho. Zuberi hana ugonjwa, na sababu zake nitazichimba pale mwalimu aliponionyesha, kwenye miaka yake ya ukarani.

Ila maneno ya Mama_Rayyan yamenipa kitu kingine. Zuberi ana mdogo wake wa kike, Hadija, ambaye nilimtaja mara moja tu sura ya pili. Sasa Hadija ndiye anayeumwa, ana sindano zake za kila mwezi, mji mzima unamjua. Nyumba ya Bi Somoe ikiungua, Zuberi hasemi neno. Anamwacha polisi aulize, anainamisha kichwa tu na kusema, "Mdogo wangu mnamjua hali yake." Watu wanamaliza wenyewe. Kabla Bi Somoe hajafa, Hadija alikuwa akienda kwake kila jioni kwa sababu ndiye pekee aliyemkaribisha barazani.

Nina maswali mawili. Muuguzi, nini kinaweza kuonyesha kwamba Hadija hakuwa pale? Na wakili, Hadija anaweza kusimama kutoa ushahidi, au mahakama itamkataa kwa sababu ya ugonjwa?

MuuguziDodoma

Hapo umenifurahisha sana. Mwandikie Largactil ya jioni, dawa ya ugonjwa huo inayoleta usingizi. Akishaimeza saa mbili, usingizi wake ni mzito, na anayemlaza anajua, basi awepo shangazi au mtoto wa dada anayelala naye chumba kimoja. Asubuhi anaamka mdomo mkavu, anaomba maji kabla ya salamu. Tafadhali usimfanye malaika. Awe na siku za kukasirika, agome kuoga, amtukane hata shangazi yake.

Mama_Rayyan

Na akiulizwa swali refu anapotea. Mdogo wangu ukimuuliza mambo matatu kwa pamoja anajibu la kwanza na kunyamaza, watu wanadhani ameficha. Ukimuuliza moja moja, anakumbuka mpaka rangi ya kanga uliyovaa.

Wakili_wa_Moro

Anaweza. Sheria ya Ushahidi inamkubali kila mtu kuwa shahidi isipokuwa mahakama ikiona hawezi kuelewa maswali au kuyajibu kwa busara, iwe kwa umri mdogo, uzee uliopitiliza, ugonjwa wa mwili au wa akili. Kuumwa peke yake hakumzuii. Hakimu au jaji atamwangalia na kumwuliza mambo madogo kwanza, jina lake, anaishi na nani, leo amekuja na nani. Tumia alichokuambia Mama_Rayyan. Wakili wa Zuberi ampe swali refu lenye matawi, Hadija anyamaze, ukumbi uanze kunong'ona. Kisha wakili wa serikali asimame amuulize moja moja, jioni ile kaka yako alivaa nini wakati anakwenda msibani, na asubuhi ulipoamka alikuwa amevaa nini.