Saaz au Cascade kwa bia nyepesi ya Kicheki?

Muulizaji: Ndugu wanajukwaa, nataka kutengeneza bia nyepesi ya Kicheki, nami nasita kati ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) aina ya Saaz na Cascade. Zinatofautianaje?

Mchangiaji wa kwanza: Chagua Saaz, hopsi ya Žatec, mji wa Ucheki, yenye asidi za alfa (viambato vinavyoleta uchungu) zipatazo asilimia 3 hadi 5, kwa kuwa uchungu wake ni mpole na harufu yake ni ya majani na viungo. Cascade, iliyotolewa Marekani mwaka 1972, ni nzuri sana, lakini hunukia balungi. Ukiifikicha kiganjani utaitambua mara moja.

Mchangiaji wa pili: Naunga mkono, ila Saaz yote ikichemka dakika 60, harufu hutoweka pamoja na mvuke, hivyo bakiza sehemu ya kutia dakika 10 za mwisho.