Binti yuko Gredi 8, anakwama kutoa nambari hasi. Nimsaidieje?

MamaLanet: Hamjambo wanajamvi. Niko Nakuru. Binti yangu akipewa −3 − 5 anaandika 8. Nikimuuliza sababu, anasema "hasi mbili huwa chanya". Halafu 4 − (−6) anaandika −2! Ameanza kusema hesabu si zake, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nianzie wapi?

MwalimuKondele: Mama, mtoto wako ana akili timamu. Ameshika kanuni bila kuonyeshwa inafanya kazi wapi. Kwenye −3 − 5 hatoi nambari hasi, anatoa 5 ambayo ni chanya. Mchoree mstari wa nambari, aweke kidole kwenye −3, aende hatua tano kushoto. Atatua −8.

Kanuni yake inaingia pale tu anapotoa nambari ambayo yenyewe ni hasi. Hapo ndipo anageukia kulia: 4 − (−6) ni 4 + 6, yaani 10. Lakini asilikubali hilo kwa sababu tu mtu mzima kasema. Mwandikie hivi:

4 − 2 = 2
4 − 1 = 3
4 − 0 = 4
4 − (−1) = ?

Kisha nyamaza. Tafadhali usimdokezee. Akishaona majibu yanapanda moja moja, 5 ataitaja mwenyewe, na akiendelea kushuka hadi −6 atafika 10.

Omusomi_Kakamega: Naunga mkono mwalimu. Mimi huongeza deni la dukani. Una shilingi 40 na unadaiwa 60, basi uko −20. Mwenye duka akifuta deni lote: −20 − (−60) = 40. Hata Brahmagupta wa India, alipoandika kanuni hizi mwaka 628, alizieleza kwa mali na madeni.

MamaLanet: Asanteni sana. Ile orodha imemfungua macho, 5 kaitaja kabla sijamaliza kuandika. Ila nikichanganya maswali bado anababaika.

MwalimuKondele: Hiyo ni kawaida, dada, usimharakishe. Mpe −2 − 7 na −2 − (−7) yakiwa pamoja. Kabla ya kukokotoa, aseme kila moja linaelekea upande gani wa mstari. La kwanza linaenda kushoto hadi −9, la pili kulia hadi 5. Akitaja upande sawasawa lakini akakosea kuhesabu hatua, mpe alama, maana pale penye ugumu ameshapavuka.