Dodoso limesema "mtu wa kuona": je, notsi zote zigeuzwe michoro?

Mdadisi77
Habari wadau. Kuna madodoso yanayokuambia wewe ni mtu wa kujifunza kwa kuona, kwa kusikia, kwa kusoma na kuandika au kwa kutenda. Jibu likitoka "kuona", unashauriwa uachane na aya ndefu, kila kitu kiwe mchoro. Sasa chukueni mada ya mzunguko wa damu, na mtihani wake ni wa kujieleza, si wa kuchagua jibu. Je, ni kweli mtu akifundishwa kwa mtindo wake anaelewa zaidi? Na kama si kweli, mchoro na maneno vigawane kazi vipi? Naomba majibu ya kufanyia kazi, "kila mtu na njia yake" tumeshaisikia.

KalamuNaWino
Mkuu, upendeleo upo, hilo halina ubishi. Kisichothibitishwa ni kwamba kufundishwa kwa kufuata upendeleo kunaongeza uelewa. VARK, dodoso la Neil Fleming wa New Zealand, linauliza unapenda kupokea habari kwa njia ipi. Halipimi utakumbuka nini wiki ijayo, na hayo ni mambo mawili.

Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti zilizokuwepo na kuweka sharti linaloeleweka. Wagawe wanafunzi kwa mitindo, kisha kila kundi uligawe tena kwa bahati nasibu, nusu wapewe picha na nusu maneno, halafu wote wafanye mtihani uleule. Ili nadharia isimame, watu wa picha wafanye vizuri zaidi kwa picha na watu wa maneno kwa maneno. Picha ikiwasaidia wote, basi picha ni nzuri, mtindo haujahusika. Ushahidi wa kutosha wa kutimiza sharti hilo hawakuuona. Mwaka 2015 Rogowsky, Calhoun na Tallal wakawapima watu wazima, wengine wakisikiliza maandishi na wengine wakiyasoma. Upendeleo wa mtu haukutabiri ataelewa zaidi kwa njia ipi.

Kwa nini basi wengi wanaapa kuwa inafanya kazi? Kitu unachokipenda kinapita kwa wepesi, na wepesi huo tunaudhania kuwa ni kuelewa. Madhara yake ni makubwa: aliyebandikwa "mtu wa kuona" anaacha kuandika sentensi, halafu mtihani unamtaka aandike sentensi.

MchoraMishale
Naongezea upande wa vitendo. Anayeamua ni mada, si mtu. Mchoro unaonyesha mahali: kipi kiko juu ya kipi, kipi kimeungana na nini, vyote kwa mtazamo mmoja. Maneno yanabeba "kwa sababu", "isipokuwa", "kama... basi". Jaribu kuchora "damu hairudi nyuma". Utaishia kuweka mkato juu ya mshale, na huo mkato tayari ni neno "si".

Allan Paivio wa Kanada alieleza kwamba kitu kilichohifadhiwa kwa neno na kwa taswira kina njia mbili za kukumbukwa. Kwa hiyo kwenye moyo tumia vyote, ila kwa utaratibu.

Soma sehemu ya moyo mara moja, funga kitabu. Chora umbo moja, ligawe vyumba vinne. Hapo hapo andika "kulia" upande wa KUSHOTO wa karatasi, maana moyo huchorwa kama wa mtu aliyekukabili. Wanaoruka hatua hii hugeuza njia nzima ya damu. Ukuta wa chumba cha chini cha kushoto cha moyo (upande wa kulia wa karatasi) upige mnene kuliko wa kulia. Kisha mishale kwa rangi mbili tu: nyekundu kwa damu yenye oksijeni nyingi, buluu kwa yenye kidogo (damu yenyewe haiwi buluu, ni nyekundu iliyokolea). Rangi zina mtego wake: mwanafunzi anakariri "ateri ni nyekundu". Ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni, basi; vena ni unaoirudisha. Ndiyo maana ateri ya mapafu, inayopeleka damu yenye oksijeni kidogo, inapigwa buluu na vena ya mapafu, inayorudisha yenye oksijeni nyingi, nyekundu. Mchoro peke yake haukwambii hivyo, sentensi ndiyo inayokwambia.

Majina yaandike juu ya sehemu zake. Usiweke namba 1 hadi 12 halafu ufunguo chini ya ukurasa. Kila jicho linapokwenda na kurudi, akili inashikilia namba badala ya kushika maana, na kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu vipya kama vinne tu kwa pamoja.

Mwisho, pembeni ya mchoro andika sentensi zenye sababu: "Ukuta wa kushoto ni mnene kwa sababu chumba hicho kinasukuma damu mwili mzima; cha kulia kinaifikisha mapafuni tu." Usipoweza kuiandika bila kutazama kitabu, umekariri umbo, hujaelewa kazi.

Mdadisi77
Shukrani sana. Na video ambazo msimulizi anasoma maandishi yaleyale yaliyo kwenye skrini?

MchoraMishale
Richard Mayer amelichunguza sana hilo. Picha na sauti vinakwenda vizuri pamoja. Ukiongeza maandishi yanayorudia sauti neno kwa neno, macho yanahangaika kati ya picha na maandishi. Zima manukuu. Ila kama lugha ni ngeni kwako au istilahi ni mpya, yaache. Simamisha video kila hatua inapoisha, useme kwa mdomo kilichotokea. Na picha za pambo zisizoeleza kitu ziondoe kwenye notsi zako, zinakula nafasi ya akili.

Tabibu_wa_Notsi
Tusichanganye mtindo na uwezo wa kufikia somo. Asiyeona, asiyesikia, mwenye shida ya kusoma maandishi, hao wanahitaji njia nyingine kweli, na ni haki yao. Wapo pia wasioweza kuona taswira kichwani kabisa. Adam Zeman na wenzake waliipa hali hiyo jina la afantasia mwaka 2015. Mwenye hali hiyo asiambiwe "fumba macho uone moyo". Achore kwenye karatasi.

Halafu mkuu, kesho yake chukua karatasi tupu, chora na ueleze bila kutazama. Roediger na Karpicke (2006) waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Baada ya dakika 5, waliokisoma mara mbili walikumbuka 81%, na waliosoma mara moja kisha wakajipima 75%. Baada ya wiki mambo yaligeuka: 42% kwa 56%. Sehemu utakazokosea zirekebishe kwa kalamu ya rangi nyingine, na siku ya tatu anza na hizo.