Somo la hukumu ya mwisho kwa vijana ambao baadhi yao hawaamini: nianzie wapi?

Mlezi_wa_Vijana

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nimepangiwa somo la hukumu ya mwisho kwenye kongamano la vijana wa kidato cha tano na sita. Muda ni dakika 90. Wengi wao ni Walutheri na Wakatoliki, Wapentekoste na Wasabato wapo, na wapo wanaosema waziwazi kwamba hawaamini tena ingawa bado wanahudhuria. Maswali yao wameshaniandikia kwenye karatasi, na matatu yamerudiwa sana:

Mungu wa upendo atamwadhibuje mtu milele kwa makosa ya miaka sabini?

Babu wa babu yangu alikufa kabla injili haijafika kijijini. Atahukumiwa kwa lipi?

Kama nimejaribu kuamini nikashindwa, kosa langu ni nini?

Sitaki kuwatisha, na sitaki pia kuzungukazunguka hadi kengele ilie. Nianze na andiko gani, muda niugaweje, na walimu huwa wanaharibia wapi?

Katekista_Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu. Usianze na moto. Ukianza na moto, dakika zote 90 zitaishia kwenye kiasi cha joto.

Anza na Zaburi 96:11-13. Mbingu, nchi, bahari, mashamba na miti yote ya msituni vinashangilia, na sababu iliyotajwa ni kwamba Bwana anakuja kuihukumu nchi. Waulize vijana: miti inafurahia nini hapo? Kisha nyamaza, hata kama kimya kitafika nusu dakika. Yupo atakayesema kwamba anayeogopa hukumu ni mdhulumu, na aliyedhulumiwa anaisubiri kwa hamu. Hapo mpeleke moja kwa moja kwa mjane wa Luka 18:1-8, anayemwendea kadhi kila siku akidai haki yake. Kijana ambaye mama yake amenyang'anywa shamba na shemeji baada ya msiba hahitaji maelezo marefu. Tumia dakika 20 kwa maandiko haya mawili. Msingi huu usipowekwa, swali la kwanza la vijana wako halijibiki, maana watakuwa wanafikiria hukumu kama ukali tu, na hawataona kwamba dunia isiyo na hukumu ni dunia ambamo mdhulumu ameshinda moja kwa moja.

Halafu Mathayo 25:31-46. Mpe mmoja asome maneno ya Mfalme, na wengine wagawanye kondoo na mbuzi, wasome majibu kwa sauti. Waambie wahesabu. Mahitaji ni sita: njaa, kiu, ugeni, uchi, ugonjwa, kifungo. Orodha hiyo inarudi mara nne katika kifungu kimoja, kwa hiyo mwandishi hakutaka uipite. Waangalie pia kwamba pande zote mbili zinamwita "Bwana", na pande zote mbili zinashangaa. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa anamhudumia au anamnyima yeye. Dini ya mdomo haikumsaidia mtu pale.

Walimu wengi huishia hapo, na ndipo wanapoharibu, kwa sababu kijana makini atasema: basi imani haina kazi, nitakuwa mtu mwema inatosha. Lazima uweke Yohana 3:16-21 mara tu baada yake. Aya ya 18 inasema asiyeamini "amekwisha kuhukumiwa", nayo inatisha ikisomwa peke yake. Wasomee ya 19 hadi 21 bila kukata: hukumu yenyewe ni kwamba nuru imekuja na watu wakapenda giza, kwa sababu hawakutaka matendo yao yaonekane. Kutoamini kunakosemwa hapo ni kwa mtu anayezima taa kwa makusudi. Kijana anayeuliza swali usiku wa manane kwa sababu anataka kujua ukweli, huyo anaitafuta taa.

Ukipata nafasi, funga na Ufunuo 20:11-15. Vinafunguliwa "vitabu", vingi, na kitabu kingine kimoja, cha uzima. Matendo yanasomwa kwenye vile vingi. Anayetupwa ni yule ambaye jina lake halikuonekana kwenye kile kimoja. Matendo na neema vyote viko mezani, na hakuna kinachofuta kingine.

Kuhusu babu wa babu: Mathayo 11:20-24 na Luka 12:47-48. Korazini, Bethsaida na Kapernaumu, miji iliyoona miujiza ya Yesu, ina hukumu nzito kuliko Tiro, Sidoni, hata Sodoma. Mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake atapigwa sana, asiyejua atapigwa kidogo. Kipimo ni kile ulichopewa. Ongeza Warumi 2:12-16, kuhusu wasio na sheria ambao dhamiri yao inawashuhudia. Kwa Wakatoliki, Katekisimu (kitabu rasmi cha mafundisho ya Kanisa lao) namba 847 inasema wasioijua injili bila kosa lao, wanaomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri yao kwa msaada wa neema, wanaweza kupata wokovu. Angalia: wanaweza. Usiwaambie vijana kwamba wameokoka wote, na usiwaambie kwamba wamepotea wote. Namba inayofuata, 848, inabakiza wajibu wa kuhubiri. Na mkumbushe aliyeuliza, kwa upole, kwamba kwa kipimo hichohicho yeye mwenye Biblia kwenye simu yuko upande wa Kapernaumu.

Msomaji_Huru

Mimi si muumini, lakini maandiko haya nimeyasoma kwa miaka na nayaheshimu. Naomba nichangie upande wa wale vijana wanaosema hawaamini, maana mara nyingi wanasemewa bila kusikilizwa.

Jambo la kwanza, Zaburi 14:1, "Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu." Ukiwarushia aya hiyo, somo limekwisha kwao. Lakini pia utakuwa hujaisoma vizuri. Endelea hadi aya ya 4: watu hao wanakula watu wa Mungu kama mkate, na aya ya 6 inasema wanaharibu shauri la mnyonge. Anayelaumiwa ni mwenye nguvu anayeonea watu akiamini hakuna wa kumwuliza, na mtu wa namna hiyo anaweza kukaa kiti cha mbele kanisani. Mwanafunzi aliyesoma baiolojia akapata mashaka siye anayezungumziwa.

Jambo la pili, hoja ya "heri kuamini, usipoamini na Mungu yupo utapoteza kila kitu". Wengi wanaitumia bila kujua ni ya Blaise Pascal, Mfaransa mtaalamu wa hisabati aliyefariki 1662; maandishi yake yalichapwa 1670. Inavunjika upesi mbele ya kijana anayefikiri. Muislamu anaweza kumwambia maneno hayohayo kuhusu jehanamu yake, sasa acheze upande gani? Tena imani haiji kwa amri. Huwezi kumwambia mtu aamini kuwa nje kunanyesha huku anaona jua. Pascal mwenyewe aliliona tatizo hilo la pili, akamshauri mtu wa namna hiyo aanze kuishi kama waaminio, ahudhurie ibada, apunguze tamaa zake. Anayenukuu hoja huwa anakiacha kipande hicho.

La tatu: usimwambie "moyoni unajua Mungu yupo, unajifanya tu". Unaweza kuwa na Warumi 1:19-21 mkononi, lakini yeye anasikia kwamba umemwita mwongo. Paulo pale anawasema watu wanaoipinga kweli kwa uovu. Uliza kwanza kilichomfanya aache. Kuna anayeshindwa na hoja, kuna aliyeumizwa na kiongozi wa dini, kuna aliyeomba mgonjwa apone akazikwa. Watu watatu, na jibu moja halitawatosha.

Berea

Nimefurahi Msomaji Huru ameandika, na nakubaliana naye kuhusu Zaburi 14. Naongeza kwamba Agano Jipya lenyewe linatenganisha aina za kutoamini. Baba wa mtoto mwenye pepo anasema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" (Marko 9:24), na Yesu anamponya mtoto bila kungoja imani ikamilike. Tomaso anakaa siku nane na mashaka yake ndani ya kundi lilelile, hafukuzwi (Yohana 20:24-29). Yuda aya ya 22 inaamuru wenye shaka wahurumiwe. Hilo ndilo jibu la swali la tatu: anayetaka na hawezi bado yuko mahali pa yule baba, naye aliomba kwa imani aliyokuwa nayo.

Sasa swali la kwanza, ambalo ndilo gumu. Usijifanye Wakristo wote wana jibu moja. Yapo matatu, na kila moja lina aya zake.

Linalofuatwa na makanisa mengi ni adhabu isiyo na mwisho. Agostino, mwalimu wa Kanisa la kale, alilitetea kwa nguvu, na Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani la Walutheri, kifungu cha 17, linawakataa wanaosema adhabu itakoma, hivyo Walutheri wako wanahusika. Aya yake kuu ni Mathayo 25:46, ambapo "milele" imewekwa kwenye adhabu na kwenye uzima sawasawa. Anayeifupisha upande mmoja lazima aeleze kwa nini haifupishi upande wa pili. Kwa hoja ya "miaka sabini", watetezi husema muda wa kutenda kosa haujawahi kuwa kipimo cha adhabu: kuua kunachukua dakika. Wengine huongeza kwamba mtu haachi kumkataa Mungu baada ya kufa, kwa hiyo adhabu inaendelea pamoja na ukaidi. Mimi binafsi hoja hiyo ya pili naiona nzito zaidi.

La pili ni kuangamizwa: waovu hawataishi tena. Wasabato wanafundisha hivyo, na John Stott, Mwanglikana wa Uingereza, alilielekea mwaka 1988, akawashtua wengi. Aya zake ni Mathayo 10:28, kuangamiza mwili na roho, na Warumi 6:23, mshahara wa dhambi ni mauti.

La tatu ni tumaini kwamba mwishowe wote watarejeshwa kwa Mungu. Lina mizizi kwa walimu wa Kanisa la kale, Origene wa Aleksandria na Gregorio wa Nisa, kwa aya kama 1 Wakorintho 15:28. Mafundisho yaliyohusishwa na Origene yalilaaniwa karne ya 6, na makanisa mengi yanalikataa hadi leo. Waeleze kwamba lipo, usilifundishe kama msimamo wa kanisa lako.

Kosa moja la mara kwa mara: kuchukua tajiri na Lazaro (Luka 16:19-31) kama ramani ya adhabu ya mwisho. Soma vizuri. Tajiri yuko kuzimu, na ndugu zake watano bado wako hai nyumbani kwa baba yao. Siku ya mwisho haijafika. Tena Ufunuo 20:14 inasema mauti na kuzimu vyenyewe vitatupwa katika ziwa la moto, kwa hiyo si mahali pamoja.

Na kwa kuwa kundi ni mchanganyiko, jua mapema watakapogongana. Mkatoliki atataja hukumu ya mtu binafsi mara anapokufa, na toharani, yaani kutakaswa baada ya kufa kabla ya kuingia mbinguni. Msabato atasema wafu wamelala hawajui neno, na kwamba hukumu ya upelelezi, yaani kuchunguzwa kwa maisha ya waamini kabla Kristo hajarudi, ilianza mbinguni 1844, kwa hesabu ya Danieli 8:14. Mpentekoste wako huenda atatenganisha kiti cha hukumu cha Kristo (2 Wakorintho 5:10), kwa waamini na thawabu zao, na kiti kikubwa cheupe cha Ufunuo 20. Sema mwanzoni kwamba ratiba ya mambo hayo hamtaijadili siku hiyo. Wanachokiri karibu wote ni kwamba Kristo atakuja kuwahukumu wazima na wafu. Baki hapo.

Mama_Mchungaji

Shalom. Walionitangulia wamemaliza maandiko. Mimi naongelea usalama wa vijana, maana somo hili limewahi kuua watu katika ukanda wetu. Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia walikufa katika kundi lililokuwa limetangaza mwisho wa dunia. Shakahola, kaunti ya Kilifi, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Kwa hiyo Mathayo 24:36, inayosema hakuna aijuaye siku ile wala saa ile, isomwe kwa sauti, na usiseme hata kwa kupita kwamba "dalili zote zimetimia". Anayetaja tarehe, au anayesema yeye pekee ana ufunguo wa wokovu, vijana wafundishwe kumkimbia.

Usifanye somo hili usiku wa mkesha wakiwa wamefunga. Njaa, usingizi, kinanda na giza vitakupa machozi mengi, na Jumatatu hakuna kitakachobaki. Weka asubuhi, baada ya chai.

Jua nani amefiwa karibuni. Atauliza, "Baba hakuwa anasali, yuko wapi?" Jibu sahihi ni kwamba hukumu ya baba yake iko kwa Mungu na hakuna mwanadamu aliyekabidhiwa. Ibrahimu aliuliza, "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" (Mwanzo 18:25). Usikisie upande wowote. Somo likiisha, mtafute, kaa naye.

Dakika zako: 20 Zaburi na mjane, 25 Mathayo 25, 15 Yohana 3, 25 za maswali yao, 5 za sala. Ufunuo 20 uingize kwenye maswali ukiulizwa. Maswali yasipopewa muda wake, wale wasioamini watajua kwamba uliyakusanya kwa mapambo.

Mlezi_wa_Vijana

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimebakiza moja: mwishoni niwaite mbele wanaotaka kuokoka? Waandaaji wanategemea hivyo.

Mama_Mchungaji

Mwito uwepo, Paulo naye baada ya kutaja siku ya hukumu kule Athene (Matendo 17:30-34) alipata walioamini, waliodhihaki, na waliosema "tutakusikiliza tena". Wa kundi hilo la tatu hakuwafuata kwa vitisho. Lakini usiwaambie wafumbe macho wainue mikono wakati wenzao wanalia. Waambie utakuwa chini ya mti fulani, au darasa fulani, kuanzia saa nane hadi saa kumi, na mwingine wa kike awepo kwa ajili ya wasichana. Mlango ubaki wazi, wa kutubu aje, na wa kubishana aje pia. Waandaaji wakikudai idadi, wape majina ya walioomba kufuatiliwa na waliokubali uyatoe, basi.

Katekista_Mstaafu

Naunga mkono. Na yale makaratasi ya maswali usiyatupe, mwalimu. Ambayo hayatajibiwa siku hiyo, panga ya kujibiwa kila Jumapili baada ya ibada, moja moja, kuanzia na la yule anayesema ameshindwa kuamini.