Mjadala: Je, tochi isiyopimwa iruhusiwe kuandikwa lumeni kwenye boksi?

Mleta mada:
Ndugu wachangiaji, natoa hoja kwamba tochi au taa ya baiskeli ambayo mwangaza wake haujapimwa isiuzwe ikiwa na idadi ya lumeni, yaani kipimo cha jumla ya mwanga inaoutoa, kwenye boksi. Nimenunua moja iliyoandikwa lumeni 10,000 kwa saa 6, na ndani nikakuta betri moja ya 18650, ile ya lithiamu yenye umbo la silinda. Betri bora ya umbo hilo hubeba takriban miliampia-saa 3,500 kwa volti 3.6, yaani wati-saa 12.6, na LED nzuri hutoa lumeni 150 hivi kwa kila wati. Kwa hiyo lumeni 10,000 zingehitaji wati 67, na betri ingekwisha ndani ya dakika 12, kama tochi isingeungua kwanza. Kwa saa 6, betri hiyohiyo haiwezi kuzidi lumeni 300 na ushei.

Mchangiaji wa kwanza:
Hesabu naikubali, dawa siikubali. Kiwango cha Marekani cha kupima tochi, FL 1, kilichotolewa mwaka 2009, hupima lumeni kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya tochi kuwashwa, kisha huhesabu muda wa kuwaka hadi mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Hivyo mtengenezaji aliyepima kwa uaminifu aweza kuandika lumeni 1,000 na saa 6, yote mawili yakawa kweli, ilhali lumeni 1,000 zilidumu dakika chache tu kabla ya tochi kujipunguza kwa joto. Umbali unaoandikwa nao huishia pale mwanga unapobaki luksi 0.25 (luksi hupima mwanga unaofika juu ya kitu), sawa na mbalamwezi. Hapo humtambui hata jirani yako.

Mchangiaji wa pili:
Kwa baiskeli, lumeni hata zikiwa za kweli hazisemi mwanga unaangukia wapi. Ujerumani hudai taa ya mbele itoe angalau luksi 10 kwa umbali wa mita 10, na huweka kikomo cha mwanga unaoruhusiwa kwenda juu ili anayekuja asipofushwe. Taa ya lumeni 1,000 inayomwaga mwanga hadi juu ya miti ni kero kwa dereva wa bodaboda na haimsaidii mwendeshaji kuliona shimo.

Mleta mada:
Nimeelewa, na narekebisha hoja: boksi litaje lumeni zinazobaki baada ya nusu saa, na taa ya baiskeli itaje luksi kwa mita 10. Lakini sikubali tusubiri maabara. Afisa wa forodha mwenye kikokotoo aweza leo kulizuia boksi ambalo betri yake inakanusha maandishi yake, na hilo halimgharimu mwagizaji mdogo hata senti moja ya upimaji.

Mchangiaji wa kwanza:
Kikokotoo hicho kitategemea uwezo wa betri ulioandikwa, na mimi nimewahi kuona 18650 iliyoandikwa miliampia-saa 9,900. Nani ataipima hiyo?