Fimbo ya Mjomba (kikundi: Ukoo wa Bi Mwanaisha)

*Jumatano*

Mjomba Salim: Assalamu alaikum nyote. Yusufu, upo?

Yusufu (Denver): Wa alaikum salaam. Shikamoo Mjomba. Nipo, huku ndiyo kwanza nakunywa chai ya asubuhi.

Mjomba Salim: Marahaba. Mama yako kaniambia unakuja tarehe 12 Desemba. Mimi sitaki simu wala viatu. Nataka fimbo ya kuvulia ya Kijapani, ile isiyo na rili, lile gurudumu la kuzungushia uzi.

Mama Mdogo Rukia: Simu hataki yeye. Ya kwake nipewe mimi.

Mjomba Salim: Rukia tulia kidogo. Mwezi uliopita nilimkuta mgeni pale mto Burguret, juu kidogo ya daraja. Katoa kijiti mkobani, hakifiki hata urefu wa mkono wangu. Akakivuta, kikavutika, kikavutika, kikawa mlingoti. Uzi umefungwa nchani, basi, hakuna kingine. Akarusha mara tatu, samaki trauti huyo. Mimi wakati huo niko juu ya jiwe nafumbua uzi wa rili kwenye mtarakwa.

Yusufu (Denver): Hiyo ni tenkara. Wajapani wa milimani walivulia hivyo zamani kwa mianzi, kwenye vijito vya kasi. Huku Marekani watu wengi wameijua tangu 2009, Daniel Galhardo alipoanzisha kampuni ya Tenkara USA. Fimbo, uzi, na nzi wa bandia, yaani ndoana iliyovishwa ifanane na mdudu. Hayo tu.

Hamisi (Mtwapa): Mwanzi, uzi na ndoana. Hiyo mimi nimevulia tangu niko chuoni. Sikujua kwamba nilikuwa Mjapani.

Zainabu: 😂😂😂 Shikamoo Baba Mdogo

Yusufu (Denver): Shikamoo Baba Mdogo. Ni hiyohiyo, ila ya kaboni. Mjomba, kuna swali moja kabla sijanunua. Unataka ya urefu mmoja au ya hatua tatu?

Mama Mdogo Rukia: Si umesema zote zinavutika kama antena ya redio?

Yusufu (Denver): Zote zinavutika Mama Mdogo, lakini ya urefu mmoja lazima uivute yote ndiyo uvulie. Vipande vyake vinabanana vikiwa vimefika mwisho. Ukiiacha nusu, vinacheza na fimbo inakatika. Ya hatua tatu imetengenezwa ile sehemu ya chini isimame mahali patatu. Kwa mfano fimbo ya Tenkara USA iitwayo Sato, inasimama futi 10 na inchi 8, futi 11 na inchi 10, na futi 12 na inchi 9. Ukiingia kichakani unafupisha, ukitoka unarefusha.

Mjomba Salim: Basi hiyo hiyo. Ya hatua tatu. Swali gani hilo.

Hamisi (Mtwapa): Shemeji usikimbilie. Chombo chenye kiungo cha ziada ndicho kitakachokwama siku ambayo samaki wapo.

Mjomba Salim: Shemeji, huku hakuna chumvi.

Hamisi (Mtwapa): Mchanga je?

Mjomba Salim: ...

Mama Mdogo Rukia: Kaka, hao samaki wenyewe wana ladha au ni mchezo tu? Wa kwetu huku hatujui trauti.

Mjomba Salim: Wana ladha sana, wa kukaanga na ndimu. Waliletwa na Wazungu. Yule Grogan aliyetembea kwa miguu kutoka Cape mpaka Cairo ndiye aliyewatia mto Gura kule Aberdare mwaka 1905, walitoka Loch Leven, Skotilandi. Sisi tumewarithi.

Zainabu: Mjomba leseni unayo lakini?

Mjomba Salim: Ninayo. Mimi si mwizi wa samaki wa serikali.

*Alhamisi*

Yusufu (Denver): Mjomba, kabla hujaamua nikueleze yaliyonipata, maana fimbo ya hatua tatu nimeivulia mwenyewe. Kabla sijanunua yangu niliazima ya mwenzangu kazini, si hiyo Sato, ya kampuni nyingine. Tukaenda Boulder Creek. Ni kijito tu, sehemu nyingine unaruka, mierebi imeinama pande zote mbili.

Yusufu (Denver): Asubuhi nilikuwa pa wazi, nimeirefusha yote. Uzi wangu mita 3 na nusu hivi, nikaongeza ule mwembamba wa mwisho mita 1. Jumla mita 4 na nusu. Fimbo karibu mita 3 na 90. Samaki akinasa, nainua fimbo, narudisha mkono nyuma, namshika. Raha.

Yusufu (Denver): Nikaingia chini ya mierebi. Nikafupisha mpaka hatua ya kwanza, mita 3 na 20 hivi. Nikajiona fundi. Nikarusha, samaki akanasa papo hapo.

Zainabu: Halafu?

Yusufu (Denver): Halafu nikainua fimbo nimshike. Samaki yuko mbali! Fimbo nimeifupisha, uzi sikuufupisha. Zaidi ya mita nzima kati ya mkono wangu na samaki. Nikarudisha fimbo nyuma zaidi, ncha ikaingia kwenye mti. Nikaukamata uzi kwa mkono, samaki akapiga mkia mara moja. Uzi ukakatika. Nzi kaondoka naye.

Mjomba Salim: Hapo umenifundisha. Yaani unabadilisha fimbo lakini uzi unabaki uleule.

Yusufu (Denver): Ndiyo. Wauzaji wengi hawakuambii hilo. Itabidi uwe na nyuzi mbili umezizungusha kwenye vibao, ubadilishe kila ukibadilisha hatua. Si kazi ngumu, pale nchani kuna kijikamba laini kinaitwa lilian, unatia kitanzi, unakaza. Lakini nani anafanya hivyo mara kumi kwa siku? Mwenzangu mwenye fimbo aliniambia siku nyingi huishia hatua moja tangu asubuhi mpaka jioni.

Hamisi (Mtwapa): Dawa ni kukata uzi kwa kipimo cha fimbo ikiwa fupi. Ukiirefusha, samaki atakuja mkononi bila shida.

Yusufu (Denver): Kweli kabisa Baba Mdogo. Hivyo ndivyo ningefanya leo.

Mjomba Salim: Na ule urefu wa ziada utanifaa nini kama uzi ni mfupi?

Yusufu (Denver): Unaunyanyua uzi juu ya maji ya kasi. Nzi anabaki ng'ambo ya mkondo, uzi haubebwi. Tenkara nguvu yake iko hapo.

Hamisi (Mtwapa): Na mchanga? Hujanijibu kuhusu mchanga.

Yusufu (Denver): 😅 Niliilaza ufukweni nikila mkate. Nilipotaka kuirefusha tena, pale chini pakasaga kama unatafuna dagaa wasiooshwa. Ikabidi nifungue kifuniko cha kitako, nivitoe vipande vyote, nivisuuze mtoni. Mwenye fimbo ananiangalia.

Hamisi (Mtwapa): Alhamdulillahi.

Mama Mdogo Rukia: Hamisi unafurahia nini sasa, mtoto wa watu kaaibika.

Yusufu (Denver): Niseme ukweli lakini, hata ya urefu mmoja inaingia mchanga. Ila ile huifungui-fungui katikati ya siku kubadilisha hatua. Na ya hatua tatu ikiwa ndefu kabisa unaisikia mbele. Kwenye mizani ni gramu 70 na kitu, si kitu, lakini uzito unahamia nchani na bega ndilo linalojua.

Mjomba Salim: Bega langu la kulia halitaki utani. Nipeni mpaka Jumapili. Kuna jambo nataka kulitazama.

*Ijumaa*

Mama Mdogo Rukia: Ijumaa Karim. Yusufu, zile vitamini za magoti usisahau.

Mama Mdogo Rukia: *Ujumbe huu ulifutwa*

Zainabu: Mama Mdogo umefuta nini, tumeshaona 😂

*Jumapili*

Mjomba Salim: [picha: mwanzi umelazwa juu ya majani, karibu yake panga na utepe mweusi wa fundi umeme]

Zainabu: Mjomba hii ni nini?

Mjomba Salim: Hii ni fimbo ya tenkara ya Nanyuki. Nimetoa mwanzi kwenye uzio wa nyuma, nikaupima kwa tepu, futi 13. Nikafunga uzi wa futi 12 bila ndoana, kipande cha sufi mwishoni. Leo alfajiri nimekwenda Burguret, kipande changu nikijuacho, kuanzia kwenye jiwe la tembo kwenda juu. Vidimbwi 14. Kila kimoja nimerusha kama vile navua.

Hamisi (Mtwapa): Wallahi huyu mtu.

Mjomba Salim: Sikiliza. Kwa futi 13, vidimbwi 9 kati ya 14 ncha imegonga matawi. Kurusha mbele naweza, tabu ni kurudisha nyuma. Cha sita nilinasa mara tatu, sufi yangu bado iko juu ya mti pale.

Mjomba Salim: Nilipofika juu nikachukua panga, nikakata futi 2. Zikabaki 11. Nikateremka vilevile, kidimbwi kimoja kimoja. Nimegonga mara mbili tu. Na moja kati ya hizo nilikuwa nimemuona nyati ng'ambo, sikuwa natazama nyuma.

Mama Mdogo Rukia: NYATI???

Mjomba Salim: Alikuwa mbali. Anakunywa maji yake.

Zainabu: Mjomba tafadhali usiende peke yako.

Mjomba Salim: Nilikuwa na kijana wa Maina. Sasa sikilizeni. Mimi nilidhani nataka ndefu kuliko zote, kwa sababu ya yule mgeni. Kumbe yeye alisimama pale darajani, pa wazi, ndiyo maana niliona uzuri. Juu huko msituni angelia.

Yusufu (Denver): Sawa Mjomba, lakini hesabu yako si inatetea ya hatua tatu? Fupi kwa hivyo 11, ndefu kwa vile vitatu vya wazi.

Mjomba Salim: Nilifikiri hivyo nikiwa nateremka. Vya wazi ni vitatu. Viwili maji ni ya magoti, naingia hatua mbili, mwanzi wa futi 11 unafika. Cha tatu ni kile chenye kina chini ya jabali. Hapo ndipo futi 13 zingenifaa. Pana trauti mmoja mkubwa, ninamjua miaka sita sasa.

Yusufu (Denver): Na huyo humtaki?

Mjomba Salim: Yule tumeshazoeana. Nimnunulie kiungo kizima cha fimbo yeye peke yake? Na bei ya hatua tatu ni kubwa zaidi, au sivyo?

Yusufu (Denver): Kwa kawaida ndiyo.

Mjomba Salim: Niletee ya urefu mmoja. Futi 11.

Yusufu (Denver): Mita 3 na 30 basi. Hizo zipo nyingi, ni saizi ya kawaida kabisa huko Japani kwa vijito. Mjomba, mimi mwenyewe nitabaki na ya hatua tatu. Kila wikendi naenda mto mwingine nisioujua, sina mwanzi wala uzio.

Hamisi (Mtwapa): Wewe ni haki yako. Salim anajua mpaka samaki mmoja mmoja kwa jina.

Yusufu (Denver): Mjomba nikufundishe kabisa namna ya kuifungua, maana nyingi hukatika mikononi, si mtoni. Kwanza funga uzi kwenye lilian fimbo ikiwa bado imefungwa. Kisha vuta kipande chembamba kuliko vyote, halafu kinachofuata, mpaka kile kinene. Taratibu, moja kwa moja, usikisokote. Kufunga unaanza na kinene cha chini, unakisukuma ukiwa umeshika karibu na kiungo. Ncha ndiyo ya mwisho.

Mjomba Salim: Nyembamba kwanza kufungua, nene kwanza kufunga. Nimeshika.

Yusufu (Denver): Na nzi akinasa kwenye tawi usivute kwa fimbo! Ifunge, ushike uzi wenyewe kwa mkono, vuta ukiwa umenyooka mpaka ukatike. Fimbo ikiwa imejikunja ukaivuta kwa nguvu, utabaki na vipande.

Mjomba Salim: Kwa rili yangu nimezoea kuvuta.

Yusufu (Denver): Najua. Ndiyo maana nasema mapema.

Hamisi (Mtwapa): Ukirudi nyumbani fungua kitako, toa vyote, suuza maji baridi, vilaze kivulini vikauke kila kimoja peke yake. Usivirudishe vikiwa na unyevu, vitagandana. Mimi na vyuma vyangu nafanya hivyo kila siku ya Mungu.

Mama Mdogo Rukia: Vyuma vyako viko sebuleni kwangu vinakauka.

Zainabu: Yusufu itaingia kwenye sanduku lakini?

Yusufu (Denver): Ikifungwa haizidi sentimita 60 hivi, inaingia kwa mshazari. Nitaitia ndani ya bomba la plastiki, nguo pande zote.

Hamisi (Mtwapa): Yusufu mwanangu.

Yusufu (Denver): Naam Baba Mdogo.

Hamisi (Mtwapa): Hiyo ya hatua tatu uliyonayo. Ukija nayo unaweza kuniazima siku mbili? Pale gatini maji yakijaa samaki changu wanakuja karibu sana, yakikupwa wako mbali. Nimefikiria kwamba kwenye gati hatua tatu zina maana.

Zainabu: 😂😂😂😂😂

Mjomba Salim: Shemeji! Mchanga je?

Hamisi (Mtwapa): Gatini hakuna mchanga, ni saruji.

Yusufu (Denver): Baba Mdogo nitakuazima, lakini uzi wa mwisho ni mwembamba sana, wa trauti wa nusu kilo. Tewa, yule samaki mkubwa, akija ataondoka na kila kitu.

Hamisi (Mtwapa): Tewa nitamkimbia.

Mama Mdogo Rukia: Basi sanduku limeshajaa fimbo. Yusufu, vitamini zangu weka kwenye mkoba wa mkononi.